Samoni Aliyenasa kwa Mkono wa Kushoto wa Baba

Helmsdale, 9 Juni

Kwako dada Elspeth,

Mvua imekatika na mto umetulia. Jumanne nilikwenda kuvua na Baba. Nilipata samaki wawili wadogo aina ya trauti. Yeye alirusha chambo chake cha manyoya kwa mkono wa kushoto kutwa nzima, nikadhani ananiringia. Mara akanasa samoni mkubwa, akanipa ufito wake wa kuvulia.

“Mvute wewe, Ruaraidh.”

“Umechoka, mzee?”

“Mkono wa kulia umekufa ganzi tangu asubuhi.”

“Na ukanyamaza?”

“Ningesema, ungenirudisha nyumbani.”

Samoni alikata mshipi. Baba akacheka kwa upande mmoja tu wa mdomo, ndipo nikamkimbiza hospitali.

Sasa hasemi kabisa. Yale maneno makali aliyokuambia siku ya harusi yako hawezi tena kuyafuta kwa mdomo. Njoo hivyo hivyo, dada.

Mdogo wako,
Ruaraidh