Siku Uliyomsomea Babu Ukiwa Nyuma ya Ukuta

Mpendwa Mama,

Nilipokuwa bweni, barua zangu zote zilianza kwa kukwambia kwamba mimi mzima, nawe ukanicheka kwamba hata nikiwa na malaria nitaandika hivyohivyo. Ukaja mwaka ambao neno hilo lilinishinda.

Nilikuwa na miaka ishirini, nauza mitumba Ipinda baada ya biashara kuachiwa huru, Baba akaikuta barua niliyomwandikia kijana mwenzangu wa kiume, wa ng'ambo ya mto Songwe. Nilimpenda, sikuwa na la kukana. Wewe muuguzi wa magonjwa ya akili ukafungua kitabu chako cha chuoni, ukanionyesha mstari unaosema kupenda hivyo ni ugonjwa. Ukaniwekea vidonge asubuhi na jioni. Nikavimeza kwa sababu ni wewe uliyenipa. Nikawa nasinzia juu ya marobota, mikono inatetemeka, na kumpenda sikuacha. Nilikuchukia kidogo, Mama, sitaficha.

Halafu ukaitwa semina Mbeya. Ulirudi na kurasa za fotokopi umezifunga kwenye kitenge, hata hukunisalimia, ukaenda kuvimwaga vidonge chooni. Ukakaa kitandani kwangu. "Wameufuta kitabuni, mwanangu. Wataalamu wa dunia nzima wamekubali haukuwa ugonjwa. Nimekunywesha bure."

Lakini Babu, baba yake Baba, alikuwa ameshaamua: Jumamosi nipelekwe hospitali ya vichaa, safari ya siku mbili, nikae huko mpaka nipone. Na wewe ni mkwe, kwa mila zetu unamkwepa tangu uolewe. Akitokea kwenye kakao, wewe unaingia migombani. Miaka yote hiyo hamjatazamana, maneno yenu yanapita kwa Bibi.

Ijumaa ile hukumtuma Bibi. Ulisimama jikoni, nyuma ya ukuta wa mianzi, ukazisoma zile kurasa kwa sauti, unatafsiri kwa Kinyakyusa mstari kwa mstari. Babu, aliyekaa uani kwenye kiti, akauliza bila kumtazama mtu, "Anayesoma huko si ndiye aliyesema mtoto anaumwa?"

"Ndiye," ulijibu. "Nilikosea mimi. Mtoto ni mzima."

Mkwe kumjibu baba mkwe! Nilidhani atadai ng'ombe wa faini. Akasema anataka kuziona hizo karatasi. Ukatoka umejifunika kitenge usoni. Babu mwenyewe akageuza kiti, akatazama ukutani, akanyoosha mkono kwa nyuma, ukamwekea. Kiingereza hakujua, ila alizishika muda mrefu. "Basi asiende," akasema. "Lakini sijapenda." Na hakupenda mpaka anakufa.

Sheria haikubadilika, na kanisani unakujua. Yule kijana alioa kwao Karonga. Mimi bado niko Ipinda na duka langu, mvi zimejaa. Nimekutana na wasomi wengi, Mama, ila sijamwona mwingine wa kusema "nilikosea" mahali ambapo hata kukohoa hakuruhusiwi. Nilikuona mkubwa siku ile, na mpaka leo.

Ulipokuwa unaumwa mara ya mwisho uliniomba radhi kwa vile vidonge, nami nikajifanya nimesahau. Sikusahau. Nilishakusamehe siku ile ulipotoka jikoni, nikaona haya kukwambia. Ndaga fijo, Mama, asante sana. Pumzika sasa, na ukitaka kucheka, cheka.

Mwanao,
mzima.