Njia Namba Saba Inapita Lamboni kwa Baba

Kalangalala, Geita
Jumapili, mvua imekatika sasa hivi

Kaka Masanja,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alinilea hivyo, si kwa sababu unastahili. Marahaba yako baki nayo.

Na kama umeshanyoosha mkono kuipokea barua hii, urudishe. Safari hii msomaji si wewe. Nimemwomba Katekista aje nayo nyumbani, akae pale barazani, amsomee mama kwa sauti, neno kwa neno, na wewe usikilize kama wengine. Katekista, Tumsifu Yesu Kristo. Unisamehe kwa kukubebesha ugomvi wa watu. Ukifika mahali pakali, tafadhali usipalainishe.

Mama, mwangaluka mayu. Miguu inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuachia kwenye kopo la bluu, upake ukiwa umekaa karibu na moto, si wakati unatoka kwenda zizini. Ningekuuliza haya kwa simu, ila masikio yako hayaelewani na simu, na mwenye simu hapo nyumbani hapokei tangu nilipoondoka. Mimi mwili haujambo. Roho ndiyo imenichafuka, na nitasema kwa nini.

Kwanza nikueleze kazi yangu mwenyewe, maana uliyoelezwa si yangu. Mimi sifanyi kazi mgodini, mama. Sijawahi. Nipo kwenye mradi mdogo wa kuhesabu ndege wa majini. Miezi hii huko Ulaya ni baridi kali, maji yao yanaganda, na ndege wao wengi wanakimbilia huku kwetu kula kwenye malambo na majaruba ya mpunga. Kila mwaka tunachagua Jumamosi moja, watu wanatawanyika asubuhi na mapema, kila kundi na njia yake, wanahesabu. Kazi yangu ni kuzipanga hizo njia. Unaweza kuiona kazi ya kitoto mpaka uifanye. Njia ianze kunapopambazuka na iishe saa nne, kabla jua halijawaingiza ndege kwenye matete. Jua liwe mgongoni kwa anayehesabu. Njia mbili zisitazame maji yale yale, la sivyo bata mmoja atahesabiwa mara mbili. Na kila mwenye eneo aombwe ruhusa kwanza.

Huku Geita nimefukuzwa vya kutosha. Ninapanga kwa Bi Mwanaidi, mjane anayeuza vitenge sokoni, na yeye ndiye mhesabuji wangu mkali kuliko wote. Juzi tulikwenda kukagua bwawa moja nyuma ya makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Nilipoinua tu darubini, vijana wakatuzingira.

“Nyie mama, mnapima nini? Hapa kuna duara letu, tumechimba kwa mikono!”

“Tunahesabu ndege,” nikasema.

“Ndege ana dhahabu?”

Bi Mwanaidi akashika kiuno. “Angekuwa nayo, mwanangu, mimi ningekuwa nauza vitenge mpaka leo?”

Wakacheka, wakatupisha. Sikuwachukia wale. Hawanijui, na walikuwa na haki ya kunishuku. Lakini wewe Masanja unanijua tangu nabebwa mgongoni.

Mwezi wa kumi niliandika barua nyumbani. Mama, sikiliza sasa, kwa sababu barua ile hujawahi kuisikia. Niliandika hivi: naomba ruhusa watu wanne wapite kandokando ya ngitili ya baba, malisho yale aliyoyatenga kwa uzio, asubuhi moja, wakahesabu ndege lamboni. Hawatakata mti, hawatagusa uzio. Kaka Masanja naye afunge vitambaa vyekundu pale mtu anapoweza kusimama akaona maji bila kuwashtua ndege. Ndani niliweka ramani niliyoichora kwa penseli, mstari mmoja unaozunguka lambo, na pembeni namba saba, kwa kuwa ni njia yetu ya saba. Basi. Hakuna neno jingine lililokuwemo.

Kaka yangu akaifungua, akakaa mbele yako, akakohoa kama padri, akakusomea kwamba Kabula anasema mgodi unakuja. Kwamba eneo limeshachorwa. Kwamba ngitili ifunguliwe watu wajenge haraka, ili mthamini akija awakute na nyumba na miti ya matunda, walipwe fidia. Na wewe mama, uliyekataa ng'ombe wa mwenyekiti asiingie humo mwaka ule wa njaa ya malisho, ukakubali, kwa sababu ulidhani ni neno la mwanao.

Ndiyo maana nilipokuja kabla ya Krismasi sikuelewa kitu. Nimeshuka kwenye basi, nimechukua bodaboda pale Nyahanga, nafika kijijini watu wananishangilia kama nimeshinda ubunge. Mama Shija, jirani yetu ambaye hajawahi kunipa hata hindi la kuchoma, akanipakatisha kuku jike mzima.

“Kabula, ng'wanawane, utukumbuke kwenye orodha.”

“Orodha gani, mama?”

Akanikonyeza. “Haya, haya. Mambo ya ofisi hayasemwi njiani.”

Nikatembea na kuku wangu kwapani mpaka ngitili. Masanja, natamani ungeiona sura yangu siku ile. Uzio umelala chini. Migunga ambayo baba aliilinda toka mimi sijazaliwa imekuwa visiki. Majani ambayo msimu huu wa mvua yalipaswa kufika kiunoni yamekanyagwa, na kila baada ya hatua kumi kuna kibanda cha udongo kisicho na mlango, na mipapai imechomekwa kama mishumaa. Vitambaa vyangu vyekundu vimekuwa alama za viwanja. Na udongo wa kufyatulia matofali wameuchimba wapi? Kwenye kingo za lambo. Ukuta umepasuka, maji yamekimbia, limebaki tope na ndoo mbovu. Hapakuwa na ndege hata mmoja.

Nikakuuliza mama nani kasema haya. Ukanitazama ukashangaa.

“Si wewe mwenyewe, ng'wanawane. Kwenye barua.”

Nikawaambia watu ukweli pale pale. Hakuna mgodi unaokuja, hakuna orodha, mstari ule ni njia ya kuhesabia ndege. Halafu Mama Shija akaja, akamtoa kuku wake kwapani mwangu, akaondoka naye. Wengine hawakuniamini. Wakasema orodha ipo, nimewaficha ili niwaandike ndugu zangu peke yao. Na wewe Masanja ulikuwa umesimama nyuma yangu, unakwangua tope kwenye kiatu. Uliyafungua yote kwa mdomo wako, ukashindwa kuufungua mdomo huo huo kusema sentensi moja.

Mimi nilipanda basi nikarudi zangu huku. Mama ndiye aliyebaki. Shangazi ameniletea habari: mama akifika kisimani wanawake wanachota wanaondoka, hakuna anayemtwika ndoo. Mwanamke mwenye miguu ile, Masanja! Wakati wewe unapita na shati lako jeupe kwenda kupiga soga Nyahanga.

Najua hukuchukua hela ya mtu. Hilo ndilo linalonikera zaidi. Ungekuwa mwizi ningekuelewa. Ulifanya ili uitwe mheshimiwa miezi miwili, ili watu wainuke ukifika na wakuulize “mgodi unasemaje?” Umeuza ngitili ya baba kwa kupishwa kwenye benchi. Nakuchukia kwa hilo, naandika nikiwa nimekaa kitako na chai mkononi, si kwa hasira za kupita.

Wenzangu wa mradi wameniambia niifute njia namba saba. Hakuna maji, hakuna ndege, ya nini kupoteza watu? Nimekataa. Nimeipanga upya. Itaanza kwenye mlango wetu, ipite katikati ya vile vibanda, imalizikie lamboni. Watu wanne wa njia hiyo nimeshawaandika: mwenyekiti wa kijiji, Mama Shija, mama akiwa na kigoda chake, na mhesabuji ni wewe. Jumamosi ijayo, kunapopambazuka. Mwenyekiti nimeongea naye, amekubali kuja, na kijiji kizima kitamfuata kwa umbea tu. Watakuuliza unahesabu nini. Utawajibu. Utawaambia barua yangu ilisemaje na wewe uliisomaje, mama akiwa anakusikia. Usipotokea, Katekista ataisoma barua hii kwa mara ya pili pale pale lamboni, na hapo hutakuwepo kujitetea.

Usiseme hujui kuhesabu. Nani alinifundisha? Tulikuwa tunachunga ng'ombe wa baba, vitwitwi wamejaa kwenye kingo kama mtama uliomwagika, mimi nanyoosha kidole nahesabu mmoja mmoja wanaruka, nalia. Ukanishika kichwa ukasema, usiwahesabu wewe, kata kumi kwa jicho, halafu uone kumi zipo ngapi. Mpaka leo ndivyo ninavyowafundisha watu wazima huku Geita, na Bi Mwanaidi husema aliyekufundisha alikuwa na akili. Huwa nainua darubini.

Mama, nakuja mwisho wa mwezi, tutaanza kuziba ukuta wa lambo, hata kwa karai moja moja. Msalimie shangazi, mwambie habari zake zimefika. Msalimie mjomba wa Ushirombo akija kukuona, na wifi yangu, ambaye namwonea huruma kwa mume aliyepata. Katekista, asante kwa sauti yako. Wabeja sana.

Masanja, fomu imo humu kwenye bahasha. Ina majina ya ndege kumi na mawili, nimeyaandika kwa Kisukuma kama baba alivyokuwa akiyaita. Mbele ya kila jina utaandika sifuri. Usiache wazi. Kwetu nafasi iliyoachwa wazi maana yake hakuna mtu aliyekwenda kutazama. Sifuri maana yake mtu alifika, akasimama, akatazama mpaka saa nne, akaona. Uziandike zote kumi na mbili kwa mkono wako, halafu utie sahihi.

Ni mimi, uliyenifundisha kukata kumi kwa jicho,

Kabula

Penseli imo humo humo. Nimeshaichonga.