Karatasi Yenye Matundu Manne

Mvara, Arua
23 Septemba 1977

Kwa mwalimu mwenzangu Andama,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na mkeo Emilia na binti yenu Eyotaru, huko Koboko. Natumaini mguu wako umepona na muhogo wenu umeota vizuri. Sisi ni wazima. Idi tuliila bila sukari. Mke wangu Madinah alitia asali kwenye chai, akaapa kwamba sukari haimwoni tena. Mimi nina furaha ya mtu aliyeshindwa ubishi, furaha ambayo hujawahi kuniona nayo. Usimwulize Emilia barua hii imefikaje, wala usigeuze karatasi. Soma kwanza.

Unaniandikia kwamba Sulemani, mtunza maabara wetu, akiletwa shuleni kwenu kutunza maabara, utafunga vitabu vyako ukalime tumbaku. Nitakujibu, lakini lazima nipitie kwenye karanga.

Katikati ya mfungo nilinunua karanga kwa mama mmoja wa Manibe. Unajua karatasi zilivyoadimika. Alizifunga kwa ukurasa uliochanwa kwenye kitabu cha biolojia. Nilikaa uani nikingoja adhana ya magharibi, tumbo likinguruma, nikausoma. Mimi, niliyejitapa kwamba nimemaliza vitabu vyote vilivyopo Arua! Ulieleza kwamba seli ikikosa chakula haikai tu ikingoja kufa. Hutandaza utando ukakizunguka kiungo chake kimoja kilichochakaa, kisha kifuko chenye maji makali huungana nao na kukimeng'enya. Vipande havitupwi. Hurudi kutoa nguvu na kujenga sehemu mpya. Hata siku za shibe seli hufanya hivyo kidogo kidogo, kama mtu anayefagia nyumba yake.

Nilimsomea Madinah. Akasema kama seli zake zinajila, basi zianzie kiunoni, maana gauni la Idi limekataa kufunga. Kisha akaniuliza mimi, mutu ya ubishi, kama hayo si maneno ya Andama yale yale.

Ndiyo. Mwaka 1972 ulisimama mbele ya darasa hapa ukasema kwamba mtu akifunga, seli zake hula sehemu zake zenyewe, na kwamba huo si ugonjwa bali ni uangalifu. Siku mbili baadaye karatasi isiyo na jina ikabandikwa kwenye ubao wa walimu, ikisema unawageuza waumini kuwa wala watu. Walimu walicheka. Wanafunzi wakakupa jina la Mla-Mwili, nawe ukaomba uhamisho. Karatasi ilikuwa imepigwa chapa kwa mashine ya maabara, na ufunguo wa maabara alikuwa nao Sulemani. Ukakata shauri kwamba ni yeye. Miaka mitano sasa, kila ukija Arua unampita kama nguzo ya simu.

Sasa geuza karatasi.

Ndiyo hiyo, karatasi ya ubao wa walimu; nimekuandikia nyuma yake. Tazama ile R iliyopinda na matundu manne ya pini. Niliiandika mimi. Sulemani alinipa ufunguo nipige chapa mtihani, nikapiga na hii. Sikukujibu kwa sayansi. Niliona Mkristo anaugusa mfungo wangu, nikawaka, na maneno makali yalipokuja yakanipendeza mno. Kesho yake niliibandua mbele yako, nikajifanya nakutetea, nawe ukanishika mkono ukanishukuru. Mkono huo umeniwasha miaka yote hii. Na bado sikuichoma karatasi yenyewe kwa sababu, Mungu anisamehe, ilikuwa imeandikwa vizuri.

Usidhani nimelainika. Bado nasema michoro yako ubaoni ilifanana na viazi. Lakini ulisema kweli, na nimelitangaza hilo katika chumba cha walimu kwa sauti ile ile niliyokuchekea. Madaftari niliyokuwa nikiandikia ugomvi wangu na watu, yote kumi na moja, nimeyachana kurasa. Wanafunzi wananakili somo la seli nyuma ya matusi yangu. Sijawahi kusomwa na watu wengi hivi.

Siku ya Idi nilikwenda kwa Sulemani nikamwambia yote. Nilitegemea ngumi. Akasema kwamba miaka yote hii alidhani humsalimii kwa sababu yeye ni Mwislamu, na kwamba hilo alikwisha kukusamehe zamani.

Yuko nje ya ua wako sasa hivi. Ndiye aliyempa Emilia barua hii. Nimemwomba asiingie mpaka uimalize. Atakuwa ametoka Arua alfajiri, juu ya lori, bila kutia kitu mdomoni, na bila shaka seli zake zimeshaanza kazi. Hasira zako zote niwekee mimi, ninastahili. Madinah anamsalimu Emilia, na binti yetu Rehemah anamsalimu Eyotaru. Jibu la kuandika silihitaji. Mpe kiti, Andama, na chakula.

Ni mimi, mshindwa mwenye furaha,
Zubeiri