Uchaguzi wa Kapteni wa Zimamoto, Sardis Fork

KIKOSI CHA KUJITOLEA CHA ZIMAMOTO, SARDIS FORK, CAROLINA KUSINI
Kumbukumbu za kikao cha Jumanne, 14 Mei 2019, ukumbi wa kituo

Waliohudhuria: Kapteni Alonzo Broadnax (Mwenyekiti), Ernestine Coaxum (Katibu), Verlene Broadnax, Thurman Gadsden, na wengine saba waliotia sahihi daftarini.

Asiyehudhuria: Roosevelt Tindal. Alituma udhuru wa mgongo. Gari lake limeonekana kando ya bwawa la kuvulia samaki.

KUMB. NA. 1/05/2019: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 12:10 jioni kwa sala fupi na lalamiko refu kuhusu mtu anayemaliza kahawa bila kupika nyingine.

KUMB. NA. 2/05/2019: UCHAGUZI
Mwenyekiti alieleza kwamba baada ya miaka thelathini na moja anavua kofia nyeupe ya ukapteni, na jina lililopendekezwa ni la binti yake, Dada Verlene, dereva wa basi la shule, mzimamoto kwa miaka kumi na minne. Alikumbusha, ingawa hakuna aliyesahau, kwamba babu yake yeye Mwenyekiti, Ezra, alianzisha kikosi mwaka 1926 kwa ndoo na mkokoteni wa nyumbu, maana gari la zimamoto la mjini halikuvuka reli kuja kwa watu weusi. Mama yake Mwenyekiti, Bi. Ola Mae, alipokea simu za moto jikoni kwake miaka ishirini na miwili, hata siku aliyoshikwa na uchungu wa kuzaa.

Ndugu Gadsden alipinga. "Jamani, hapa si kwa mfalme. Akina Broadnax nawaheshimu, lakini tukimchagua Verlene, atakayeamrisha ni Alonzo."

Dada Verlene alijibu, "Kaka Thurman, mdomo ninao wangu, na unaujua."

Wajumbe walicheka. Ndugu Gadsden hakucheka. Katibu anaweka wazi kwamba hoja ile ilikuwa ya haki, na wengi tulikuwa tunaiwaza kimyakimya.

KUMB. NA. 3/05/2019: KIKAO KUSIMAMA
Saa 12:40 king'ora kililia. Mafuta ya kukaangia samaki yalikuwa yameshika moto jikoni kwa Mama Hattie Purvis, mjane, jirani na kanisa.

Tulipofika, Mwenyekiti alimweka Dada Verlene mlangoni. Kwa desturi ya hapa tangu enzi za Ezra, anayesimama mlangoni humgusa bega kila anayeingia, ili ajue wangapi wako ndani. Asiyeguswa haingii. Aliwagusa Ndugu Gadsden na Katibu. Mara Mwenyekiti mwenyewe akaja, amevaa kamili.

"Niguse, mwanangu."

"Hapana, Baba."

"Mimi bado ni kapteni!"

"Na moyo wako unakwenda kwa betri ya hospitali. Nenda barabarani ukazuie magari."

Wanakwaya waliokuwa uani mwa kanisa walisikia kila neno. Mzee alimkodolea macho. Kisha akaenda barabarani, akazuia magari.

Moto ulizimwa kwa dakika ishirini na tano. Mama Hattie hakuumia. Aliulizia samaki wake.

KUMB. NA. 4/05/2019: KURA
Kikao kiliendelea saa 1:50 usiku. Ndugu Gadsden aliondoa pingamizi lake. "Aliyemtuma Alonzo Broadnax barabarani mbele ya kwaya nzima, mimi sina swali naye." Katibu aliunga mkono huku analia, na haoni haya kuandika hivyo.

Ndiyo: 10. Hapana: hakuna. Asiyepiga kura: 1, naye ni Mwenyekiti. Alipoulizwa sababu alisema, "Andika kwamba nimenuna." Imeandikwa.

KUMB. NA. 5/05/2019: KUFUNGA
Mwenyekiti aliinuka kitini, akaenda kukaa benchi la nyuma. Dada Verlene alimuuliza kama hafungi kikao.

"Si kazi yangu," alijibu mzee. "Mimi naomba ruhusa ya kwenda nyumbani, Kapteni."

Ruhusa ilitolewa saa 2:05 usiku, na wote tukatoka.

Sahihi:
V. Broadnax, Kapteni
E. Coaxum, Katibu