Tuzo Isiyopiga Hodi

Shume, Jumatatu

Mpwa wangu Kassimu,

Kosa la wengi mnaotunuku wanafunzi wanamichezo ni kupeleka barua shuleni, mkadhani imefika nyumbani.

Huku hatujambo, baridi tu. Kabichi zimekubali. Magoli ya uwanja tumeyasimika upya kwa mikaratusi, nami bado nashona mipira ya watoto, ingawa macho yamechoka.

Saumu, golikipa wetu, ameitwa Tanga Jumamosi kutunukiwa mbele ya shule za mkoa mzima. Kaka yako Ismaili, baba yake, alizisikia habari hizo sokoni, kwa mnunuzi wa kabichi.

"Mjomba, hata wa posa hupiga hodi!" akaniambia. "Haendi."

Nimekwenda kwake mara tatu, na miguu yangu unaijua. Binti anafua jezi ileile kila jioni.

Katibu wa kamati ya tuzo ni wewe, na saini kwenye barua ni yako. Najua hamjasemezana tangu tulipomzika mama yenu. Ismaili hakatai tuzo, anangoja kuombwa na mdogo wake. Mpigie leo, uanze na shikamoo.

Mjomba wako,
Mwalimu Shekiondo