Viatu Mkononi Msikitini Baku

Baku, Mfunguo Pili

Mke wangu Bi Mize,

Assalamu alaykum. Mimi kwa rehema za Mola ni mzima wa mwili, ila roho haitui. Nyie hamjambo? Mguu wa mama umepoa? Na masika yameshika huko Mtambile?

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Umeniagiza mafuta ya nywele, kwa kuwa nakaa mji wa mafuta. Ewe bibi wee! Haya si ya nazi. Ni meusi kama lami, yananuka mpaka kwenye mkate, na ndiyo niliyoletwa kuyasomea mimi fundi wa magari. Zamani wakiyateka visimani kwa ndoo za ngozi. Moja nimeiona imetundikwa kwenye makumbusho, nikakikumbuka kisima chetu.

Sasa nikwambie linalonisumbua. Mkuu wa chuo ananitaka nibaki mwaka mwingine, niwasaidie wenzetu wanaokuja, na anataka jibu. Tangu hapo nakaa, nainuka, nauzunguka mji kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ijumaa walitupeleka kwenye jumba la wafalme wa kale. Ndani yake mna msikiti. Kuiona mihrabu tu, viatu nishavua, nimevishika mkononi. Sleimani, mwenzangu wa Unguja, akaangua kicheko.

"We Mpemba! Hapa si msikiti tena, ni makumbusho. Vaa viatu!"

"Kwani Mngu kahama?"

"Hakuhama. Waliohama ni watu."

Mlinzi wa pale ni bibi mtu mzima, kajitanda mtandio wa sufu. Alinitazama miguu, akanitazama uso. Kisha akatoka, akasimama mlangoni katupa mgongo. Nikafahamu. Udhu nilikuwa nao, nikasali rakaa mbili juu ya sakafu ya baridi. Nilipompita mlangoni alisema taratibu, "Amin." Ndilo neno pekee tulilofahamiana.

Mize, mle ndani mmefagiliwa, kila kitu kipo mahali pake, na watu huja kutazama. Lakini hapana anayeadhini. Nikakumbuka ulivyoniandikia, kwamba Asha akiulizwa baba yuko wapi, huonyesha picha ukutani. Nilipoisoma barua nilicheka. Mle msikitini sikucheka.

Sitaki kuwa makumbusho nyumbani kwangu. Moyo wangu unasema nirudi. Lakini mzigo wa nyumba umeubeba wewe, na huo mwaka nikiuongeza ni wewe utakayeubeba. Mkuu nimemwambia asubiri, kwetu shauri halikatwi mpaka mwenye nyumba aseme. Basi sema, nije au nikae.

Nisalimie mama, na kaka yako mvuvi wa Wambaa, na maalimu wa watoto wa chuo cha Kurani, aniombee dua. Asha mwambie yule wa ukutani anamsalimu.

Tafadhali nijibu upesi.

Mumeo,
Hamadi