Bei Zilizobandikwa Ukutani

Kibara, Bunda

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini baridi ya Njombe haijakukaza magoti zaidi, na kwamba ile dawa ya kuchua unaitumia, si kuitunza chini ya mto. Sisi huku tunaendelea vizuri, na leo naandika hivyo bila kudanganya. Kwenye simu tunaishia kupigiana kelele tu, kwa hiyo mdogo wangu akusomee taratibu.

Unajua kwamba Baba Neema aliteleza wakati wanavuta mtumbwi nchi kavu akajigonga kichwa. Usichojua ni kwamba kichwa hakikuacha kuuma. Akaanza kutapika asubuhi, na siku moja akaniita kwa jina la dada yake. Sikukwambia kwa sababu niliogopa hata kulitamka. Daktari wa Bunda akasema lazima apigwe picha ya kichwa ya CT, na mashine tuifuate Musoma mjini.

Hapo ndipo nikagongana na mama mkwe. Hapa nyumbani kwao, kumuulizia mgonjwa bei ni aibu, ni kama unapima kama anastahili kugharamiwa. Wanauza kitu kwanza, halafu wanakwenda hospitali na pesa yote mfukoni wakiomba itoshe. Jirani yetu aliuza ng'ombe wake wa kulimia kwa bei ya kutupa, akarudi na zaidi ya nusu ya pesa na hana cha kulimia. Sisi tulikuwa na injini ya mtumbwi. Mnunuzi alishakuja kuiangalia, na bila injini hiyo hatuna samaki wala ada ya Neema.

Nikasema ngoja niulize kwanza. Mama mkwe akanikazia macho.

"Mama Neema, mtu anaumwa wewe unamuuliziaga bei? Mwanangu ni mbuzi wa mnadani?"

Iliniuma. Nikatoka na simu nyuma ya nyumba. Unakijua kichwa changu kigumu, nimekirithi kwako. Kituo cha kwanza cha vipimo nilichopigia kule Musoma wakaniambia nije na mgonjwa, bei nitaambiwa dirishani. Cha pili, dada wa mapokezi akasema bei za vipimo vyote zimebandikwa ukutani, akanisomea ile ya kichwa, akasema na kazi ya daktari kuisoma picha imo humo humo. Haikufika hata robo ya bei ya injini. Nilikaa chini kwenye majani nikalia.

Baba Neema naye akaleta ubishi wake. "Hao wa bei ndogo watakuwa wanapigaga nusu kichwa." Nikajua mume wangu bado mzima. Akiba yangu ya kikoba ilitosha. Tukaenda watatu, mama mkwe amenuna njia nzima. Kule nilimuuliza mpiga picha waziwazi kama urahisi huo una kasoro. Akacheka, akasema kila kituo kinajipangia bei, la kuuliza ni nani atakayeisoma picha.

Ilionyesha damu kidogo imevilia ndani ya fuvu. Daktari anasema si ya kupasuliwa. Amempa dawa na mapumziko, kisha atapigwa nyingine waone kama inapungua. Kutapika kumekoma. Jana alikula ugali na samaki wa furu mpaka nikamwondolea sahani. Mnunuzi wa injini tumemrudisha alikotoka.

Jana hiyo hiyo, wakati tunapara samaki, mama mkwe akaniuliza bila kuinua macho.

"Ile ya tumbo nayo wameiandika pale ukutani?"

"Tumbo la nani, mama?"

"Langu. Linaniumaga tangu mwaka ule tunanunua injini. Nilijua nikisema, mtaiuza."

Mama, miaka yote hiyo nimekula naye sahani moja na sikujua.

Jumatatu nampeleka. Nakuomba umtaje kwenye sala zako, maana mimi naona Mungu ameshaanza kutusikia. Msalimie baba mdogo wa mashine ya mbao, shangazi anayeongoza kwaya, na mdogo wangu msomaji, asiruke mistari. Mama mkwe naye anakusalimu sana. Amekaa hapa mlangoni, anauliza kama nimeshapiga simu kuulizia bei.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Mama Neema